Nani Alaumiwe, na kwa Asilimia Ngapi?

Kuna maneno mafupi ambayo yamewanyima majeruhi wa ajali za barabarani nchini Kenya fedha nyingi: "Hata mimi nilikosea." Mama aliyegongwa akivuka barabara chini ya daraja la wapita njia huyasema akiwa bado amelazwa. Abiria wa bodaboda ambaye hakuvaa helmeti huyasema huku akiutazama mguu wake uliofungwa plasta. Kisha huja mtu anayejitambulisha kuwa ametumwa na kampuni ya bima, akayachukua maneno hayo hayo na kuyapa bei: "Mama, wewe pia ulikuwa na makosa, kwa hivyo pokea hii elfu hamsini tumalizane." Mama hutia sahihi, na madai ambayo pengine yangemletea mara kumi ya pesa hizo hufia hapo kitandani.

Sheria ya Kenya haimdai majeruhi awe hana doa. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kinasema wazi kwamba mtu aliyeumia kwa sehemu kutokana na kosa lake na kwa sehemu kutokana na kosa la mwingine hapotezi madai yake. Fidia yake hupunguzwa tu, kwa kadiri mahakama inavyoona ni haki ikiangalia sehemu yake ya lawama. Ikiwa hasara yake ni Sh1,000,000 na hakimu akamtwika asilimia 30 ya lawama, atalipwa Sh700,000. Kila anayepita barabara zetu anapaswa kuijua kanuni hii, kwa sababu mabishano mengi ya kesi za ajali, ukiyachambua, ni mabishano kuhusu asilimia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya madhara tuliyoirithi kutoka Uingereza ilikuwa kali mno kwa mwenye kosa lolote. Mwaka 1809 mahakama ya huko ilimnyima fidia mpanda farasi aliyekuwa akienda kasi katika mji wa Derby, akaugonga mti ambao mtu aliyekuwa akikarabati nyumba yake alikuwa ameulaza barabarani. Majaji walisema angeendesha kwa uangalifu angeuona. Mwaka 1842 walilegeza kidogo: mwenye punda aliyefungwa miguu na kuachwa barabarani alilipwa, kwa kuwa mwenye gari la kukokotwa ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali. Kwa karne nzima iliyofuata mawakili waliendelea kubishana nani alikuwa na nafasi ya mwisho. Bunge la Uingereza lilikata ubishi huo mwaka 1945 kwa kuruhusu lawama igawanywe, na kanuni hiyo ndiyo iliyo katika vitabu vyetu hadi leo.

Lakini kabla ya kuigawa lawama, lazima kwanza iwepo upande wa mdaiwa. Mahakama ya Rufaa imesisitiza mara nyingi kwamba nchini Kenya hakuna dhima pasipo kosa. Kugongwa na gari, peke yake, si ushahidi wa uzembe. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba dereva alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliukiuka wajibu huo, kwamba ukiukaji huo ndio uliomuumiza, na kwamba ana hasara ya kufidiwa. La kwanza halina ubishi barabarani. Tangu jaji wa Uingereza Lord Atkin alipotoa hoja yake mwaka 1932 katika kesi ya konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji, inajulikana kwamba tuna wajibu kwa kila mtu ambaye matendo yetu yanaweza kumdhuru kwa njia inayotabirika. Kazi ngumu iko kwenye la pili na la tatu.

Wadai wengi huanguka hapo. Hupanda kizimbani na kusema, "Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, gari likaja likanigonga," kisha wanakaa. Hakimu anabaki hajui kama kando hiyo ilikuwa ndani ya steji au juu ya lami, kama gari lilikuwa likipita jingine, kama lilipiga honi, kama taa zilikuwa zimewashwa, kama kulikuwa na giza au jua. Uzembe huishi ndani ya mambo hayo madogo. Mwendo una maana kubwa ukijua kwamba Sheria ya Trafiki imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na kwamba magari ya abiria hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa popote. Kipimo cha kesi ya madai si kile cha kesi ya jinai. Mdai hahitaji kuondoa kila shaka. Inatosha aonyeshe kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzake. Lakini maelezo yenyewe lazima yawepo.

Kuna ajali zinazojieleza zenyewe. Matatu ikiacha njia mchana kweupe, barabara ikiwa kavu na imenyooka, ikapinduka mtaroni, abiria aliyekuwa amelala kiti cha nyuma hawezi kuulizwa dereva alifanya nini. Gari linaloendeshwa kwa uangalifu kwa kawaida halifanyi hivyo, na mahakama hudhania uzembe mpaka mdaiwa atoe maelezo mengine yenye mashiko. Dhana hii humsaidia sana abiria. Kwa mtembea kwa miguu husaidia kidogo tu, kwa sababu mtu na gari wakikutana barabarani yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye aliyekosea.

Sasa tuutazame upande wa pili, maana ndiko watu wanakotishika. Hati ya utetezi katika kesi ya ajali ya Kenya hufuata mtindo ule ule karibu kila mara. Aya ya kwanza hukana kwamba ajali ilitokea. Ya pili husema kwamba kama ilitokea, basi gari la mdaiwa halikuhusika. Ya tatu husema kwamba kama lilihusika, dereva hakuwa mzembe. Ya nne husema kwamba kama kulikuwa na uzembe, ulikuwa wa mdai mwenyewe, na hapo hufuata orodha: alijitupa barabarani, hakutazama kulia wala kushoto, hakuvaa mshipi, alipanda chombo kilichojaa kupita kiasi, alishindwa kujiokoa. Majeruhi anayesomewa hati hiyo kwa mara ya kwanza huumia upya. Huona ameitwa mwongo.

Inafaa kuelewa kwamba sheria inamruhusu mdaiwa kujenga utetezi wake kwa ngazi namna hiyo, na kwamba lisilotajwa katika hati haliwezi kuibuliwa baadaye mbele ya hakimu. Kwa hivyo wakili hutaja kila kitu. Lakini maneno ya hati ya utetezi si ushahidi. Anayedai kwamba mdai alichangia ajali ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha dai hilo. Ikiwa dereva haji mahakamani kusimulia alichokiona kupitia kioo chake, ile orodha yote hubaki kuwa madai tu. Na madereva wengi hawaji: wameacha kazi, wamehamia gari lingine, au hawapatikani tena. Nimesoma hukumu nyingi ambamo upande wa utetezi ulifunga kesi bila kumwita shahidi hata mmoja, hakimu akaikubali hadithi ya mdai kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa mbele yake. Hata hivyo mdai asilale. Kutokujibiwa hakuufanyi ushahidi dhaifu uwe imara, na mahakama zimewahi kutupa kesi ambazo upande wa utetezi haukujitokeza kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana amepanda bodaboda eneo la Free Area, Nakuru. Mwendeshaji amewabeba wawili, kinyume cha kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki, kinachoruhusu abiria mmoja tu na kutaka helmeti na koti linaloakisi mwanga. Msichana hana helmeti. Matatu inachomoka steji bila ishara, inaigonga pikipiki ubavuni, na msichana anavunjika mfupa wa muundi. Utetezi utasema: mlikuwa watatu, huna helmeti, mmevunja sheria, basi jilaumuni.

Mahakama makini itauliza swali moja kila hatua: kosa hilo lilisababisha nini? Abiria wa pili hakumfanya dereva wa matatu achomoke bila kutazama. Kama kuna ushahidi kwamba uzito ulimfanya mwendeshaji ashindwe kuimudu pikipiki, hapo lawama itagusa, na itamgusa mwendeshaji kwanza. Helmeti nayo hailindi muundi. Kuvunja kifungu cha sheria ni kosa la trafiki, lakini hakupunguzi fidia ila pale kunapohusiana na ajali au na jeraha.

Hoja hii ilielezwa vizuri na Lord Denning katika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1975, katika kesi ya dereva ambaye hakuwa amevaa mshipi. Alitenganisha chanzo cha ajali na chanzo cha jeraha. Ajali ilisababishwa na dereva wa gari la pili peke yake, lakini majeraha ya kichwa na kifua yaliongezeka kwa sababu mshipi haukufungwa. Akaweka mwongozo: kama mshipi ungelizuia jeraha kabisa, fidia ipunguzwe kwa asilimia 25, kama ungelipunguza kwa kiasi kikubwa, asilimia 15, kama usingebadilisha chochote, isipunguzwe hata kidogo. Kidole cha mdai yule kilikuwa kimevunjika pia, na kidole kingevunjika hata kama angefunga mshipi. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Kenya, ila una nguvu ya kushawishi, na mantiki yake inahusu helmeti vilevile. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, mishipi na vidhibiti mwendo vimekuwa lazima katika matatu, kwa hivyo swali la nani hakufunga mshipi huulizwa mara nyingi. Majibu yake yanapaswa kutoka kwa daktari aliyeliona jeraha. Wakili wa utetezi hawezi kulijibu kwa kulitaja tu.

Mtembea kwa miguu yuko katika hali ngumu zaidi. Kila mwaka katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wameuawa kwenye barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ina madaraja ya wapita njia, lakini bado watu huvuka chini kwa sababu daraja liko mbali, au kwa sababu usiku wanaogopa kuporwa huko juu. Mdaiwa atalishikilia daraja hilo kwa mikono miwili, na ana haki: mtu mzima anatarajiwa kujilinda. Lakini dereva naye anajua watu huvuka pale. Gari ni chombo kizito chenye uwezo wa kuua, na anayekiendesha anatarajiwa kuwa mwangalifu zaidi. Lawama hugawanywa kulingana na ushahidi wa kila kesi, na ni nadra mtembea kwa miguu aliyekosea kuondoka mikono mitupu ikithibitika kwamba dereva alikuwa kasi au hakuwa akitazama mbele.

Kwa mtoto kipimo hubadilika. Mtoto mdogo sana hawezi kuhesabiwa kuwa amechangia ajali, na kwa mkubwa kidogo swali ni kile kinachoweza kutarajiwa kwa mtoto wa umri wake. Dereva anayewaona watoto wa shule kando ya barabara anapaswa kujua kwamba mmoja anaweza kuchomoka ghafla. Hoja ya "alijitupa barabarani" inapoelekezwa kwa mtoto wa miaka sita, naiona kuwa haistahili hata kuandikwa.

Na ikiwa magari mawili yamegongana katikati ya barabara, usiku, kila dereva akiapa kwamba alikuwa upande wake, na hakuna alama wala shahidi wa kusaidia? Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilijibu mwaka 1971: kama ni wazi kwamba mmoja wao au wote wawili walikuwa wazembe, na haiwezekani kupambanua, wagawane nusu kwa nusu. Abiria hahusiki na mgao huo. Yeye hana usukani. Ila anapaswa kujihadhari na jambo moja. Akimshtaki mwenye matatu peke yake, naye mwenye matatu akamtupia lawama mwenye lori ambaye hayumo katika kesi, safari inaweza kuwa ndefu bila sababu. Kwa kawaida mahakama haimgawii lawama mtu ambaye hajaletwa mbele yake, na mdaiwa anaweza kuomba kumleta, lakini ni salama zaidi abiria awashtaki wote wawili tangu mwanzo.

Utetezi mwingine unaosikika sana, hasa kwa malori na mabasi, ni "breki zilikatika" au "tairi lilipasuka". Watu wengi huamini kwamba hapo kesi imekwisha, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sivyo sheria inavyoona. Mwaka 1950 Baraza la Mabwana la Uingereza lilishughulikia basi la Wales lililopasuka tairi, likaacha barabara, likaanguka kwenye mteremko na kuua. Tairi lilikuwa na mpasuko wa ndani uliotokana na kugonga kitu kwa nguvu. Kampuni ilipatikana na kosa kwa sababu haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti matairi yanapopigwa vibaya. Katika kesi nyingine iliyoripotiwa mwaka 1970, lori lilikatika breki likiteremka mlima na kuua mtu. Bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu upande usioonekana bila kulifungua. Wenye lori walisema wasingeweza kujua. Walishindwa, kwa kuwa hawakuleta ushahidi kuhusu historia ya lori hilo, yaani lilikuwa limebeba nini na lilikuwa limepitia mazingira gani yaliyoweza kuleta kutu.

Maana yake kwa Kenya ni hii: anayejitetea kwa hitilafu ya gari anapaswa kuzileta rekodi zake. Gari lilikaguliwa lini? Breki zilibadilishwa lini, na fundi yupi? Tairi lilikuwa na umri gani? Kwenye mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, inajulikana kuwa baadhi ya madereva wa malori wamekuwa wakiiachia gia huru ili kubana mafuta, kisha breki pekee zinabeba uzito wote, zinapata moto na kushindwa. Breki iliyoshindwa kwa namna hiyo haikukatika yenyewe. Ripoti ya mkaguzi wa magari, ambaye huliangalia gari baada ya ajali, inaweza kuumaliza utetezi huu kwa ukurasa mmoja, na wakili wa mdai anapaswa kuiomba mapema.

Dereva kwa kawaida hana mali, ndiyo maana madai humwelekea mwenye gari. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari kuwa ndiye mmiliki mpaka kinyume kithibitishwe, na uamuzi wa 1969 wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ulishaweka dhana kwamba gari lililoleta madhara lilikuwa likiendeshwa na mtu ambaye mmiliki anawajibika kwa uzembe wake. Mmiliki anaweza kuivunja dhana hiyo akionyesha kwamba gari liliibwa, au kwamba alikuwa ameliuza. Hapa huzuka vurugu nyingi, kwa sababu Wakenya huuziana magari na kukaa miaka bila kubadilisha jina. Aliyeuza gari lake la Probox kwa makubaliano ya mdomo anaweza kujikuta akiitwa mahakamani kwa ajali asiyoijua. Nakala ya kumbukumbu za gari kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ndiyo hati ya kwanza ambayo wakili wa mdai huitafuta.

Kuna mkanganyiko pia kati ya kesi ya trafiki na kesi ya fidia. Faini anayotozwa dereva huenda serikalini. Majeruhi hapati hata senti. Hukumu ya kumtia hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kwamba alitenda kosa hilo. Je, hilo linamfanya alaumiwe asilimia 100? Hapana. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba dereva aliyehukumiwa kwa kuendesha ovyo bado anaweza kudai kwamba mwenzake alichangia. Kwa upande mwingine, dereva kuachiliwa katika kesi ya trafiki, au polisi kutomshtaki mtu yeyote, hakumzuii majeruhi kudai fidia, kwa kuwa kiwango cha uthibitisho ni tofauti.

Yote haya hutegemea mambo yanayofanywa, au yasiyofanywa, katika siku chache za kwanza. Ajali iripotiwe polisi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ichukuliwe. Abstrakti ya polisi huthibitisha kwamba ajali ilitokea, wapi, lini, na gari lilikuwa na bima ya nani. Mara nyingi husema tu kwamba uchunguzi unaendelea, na hiyo haimpi mtu lawama. Fomu ya P3 hujazwa na daktari na kuunganisha jeraha na tukio. Picha za simu zilizopigwa kabla magari hayajasogezwa, zikionyesha vioo vilivyotawanyika na alama za breki, huweza kumaliza ubishi wa nani alikuwa upande wa nani. Afisa anayekuja mahakamani miaka miwili baadaye mara nyingi siye aliyefika eneo la ajali. Anasoma tu kilichoandikwa. Kwa hivyo jina na namba ya simu ya mama mboga aliyeona kila kitu kutoka kibandani pake zina thamani kubwa, na hakuna mwingine atakayezihifadhi isipokuwa jamaa za majeruhi. Stakabadhi za dawa, teksi na magongo nazo ziwekwe: gharama halisi lazima zitajwe katika hati ya madai na kuthibitishwa moja moja.

Bima ndiyo inayolipa, na hapa pana pengo linalonisikitisha. Sheria ya bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima, na inamlazimu mtoa bima kulipa hukumu ikiwa alipewa ilani inavyotakiwa. Ilani hiyo ni vyema itolewe kabla kesi haijafunguliwa. Lakini kuna kikomo cha Sh3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinamwangukia mwenye gari, na mwenye gari anaweza kuwa ni mtu anayelipia mkopo wa matatu moja. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo, atakayehitaji kuhudumiwa maisha yake yote, hutumia mwaka baada ya mwaka kiasi ambacho kikomo hicho hakikukiwazia. Kampuni za bima zenyewe zimewahi kuanguka na hukumu mikononi: United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, na wenye hukumu walibaki wakisubiri.

Kwa kifo hesabu huwa na mtindo wake. Tuseme mwashi aliyekuwa akipata Sh30,000 kwa mwezi amegongwa akiwa na umri ambao mahakama inakadiria angefanya kazi miaka 15 zaidi, na theluthi mbili za kipato chake zilikuwa za mke na watoto. Sh30,000 mara 12, mara 15, mara theluthi mbili, ni Sh3,600,000. Hicho ndicho kiasi cha kupoteza tegemeo chini ya Sheria ya Ajali za Kifo. Fidia ya maumivu na ya kufupishwa maisha, pamoja na gharama za mazishi, huhesabiwa mbali. Ikiwa marehemu alikuwa na asilimia 30 ya lawama, inabaki Sh2,520,000. Mjane aliyeambiwa kwamba mumewe "alivuka vibaya" na akakubali laki mbili ameachilia zaidi ya Sh2,300,000 kwa neno moja.

Hakuna ubaya wa kumaliza nje ya mahakama. Kesi nyingi huishia huko, na mara nyingi ni heri kuliko kusubiri miaka. Ila hati ya malipo ya mwisho ikishatiwa sahihi, kuifungua tena ni vigumu mno, hata kama mguu utahitaji upasuaji wa pili. Isitiwe sahihi kabla daktari hajasema jeraha limetulia. Wala madalali wanaozunguka wodini wasipewe karatasi za polisi. Wakili naye haruhusiwi chini ya Sheria ya Mawakili kukubaliana na mteja kwamba malipo yake yatategemea kushinda. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu ajali, na ni miezi 12 tu ikiwa gari lilikuwa la serikali, kwa hivyo kungoja kupona kusigeuke kungoja hadi mlango ufungwe.

Anayeletewa ofa aulize namba mbili, na aombe zote mbili kwa maandishi. Ya kwanza ni thamani yote ya hasara kabla lawama haijaguswa, ikilinganishwa na hukumu za majeraha kama hayo. Ya pili ni asilimia anayotwikwa, na ushahidi unaoibeba. Wakala asiyeweza kuzitaja namba hizo hana ofa ya kujadiliwa.